Anayetembea Si Mimi

Kalemie, Jumapili, saa za misa

Mdogo wangu Mado,

Kabla sijakuuliza habari za mwili wako, pokea kwanza jambo nililokuficha tangu mvua zilipoanza. Yale matembezi ambayo binti yako anakuonyesha kwenye simu si yangu. Ule mstari mwekundu unaotoka nyumbani kwangu kila asubuhi, ukashuka mpaka ufukweni, ukapanda sokoni na kurudi, ni miguu ya mtu mwingine. Saa hizo mimi niko chumbani, pazia limefungwa.

Sasa naweza kukusalimu. U hali gani? Presha imeshuka, au kichwa bado kinakugonga ukikaa juani? Na mihogo ya huko, mvua haikuiozesha? Mimi napumua, namshukuru Mungu. Utaniwia radhi kwa mwandiko. Sikutaka kukuambia haya kwa simu, maana ndani ya simu nimeshazoea uongo. Sista mmoja anayesafiri kwa treni mpaka Kongolo ndiye atakayekupa bahasha hii mkononi.

Unaijua saa ya mkononi ambayo mwanangu Emmanuel alinitumia kutoka Ubelgiji. Daktari wa hapa alikuwa amemwambia kwamba moyo wangu umechoka na lazima nitembee kila siku. Emmanuel akanipigia: "Papa, hii saa itakufuata kila mahali. Unapopita, sisi wote tunaona. Ukikaa tu ndani, ninakuja kukutosha, kukuondoa huko, unaenda kukaa Lubumbashi kwa wakwe zangu." Alicheka. Mimi sikucheka. Nilifika mji huu nikiwa mwalimu kijana, mke wangu amezikwa hapa, na huko Lubumbashi ningekuwa mzee wa kuwekwa pembeni ya sebule ya watu.

Mwanzoni nilitembea kweli. Nilifika ukuta wa kanisa, nikapumzika, nikarudi, nawe ukamtumia kaka yako ujumbe wa sauti: "Yaya, leo tumekuona!" Halafu mvua ikaja na miguu ikavimba. Asubuhi moja nilivuka ua mpaka mlango wa lupango, nikashika nguzo, nikarudi. Jioni Emmanuel akauliza: "Papa, leo hakuna kitu. Kuna nini?" Nikasema saa ilikosa moto, sikuichaji usiku.

Kesho yake nikamwita Mama Beatrisi. Huyu ni mpangaji wangu, anakaa nyumba ya nyuma, mjane, anauza ndagala, vile visamaki vya ziwa letu. Kila asubuhi anashuka ufukweni kungoja mitumbwi, kisha anabeba beseni mpaka sokoni. Nikamwomba avae saa yangu, siku moja tu.

"Papa Mwalimu, hii njo dawa ao njo hirizi?"

"Ni saa. Inaandika njia mtu anayopita."

"Mimi nikipita, wewe njo unapona?" Akacheka mpaka akashika mlango. "Marehemu mume wangu alikuwa anakunywa, kichwa kinaniuma mimi. Sasa wewe munganga amekuambia kutembea, miguu njo itaniuma mimi. Banaume, banaume! Lete."

Adhuhuri aliporudisha saa, simu ikavuta asubuhi yake yote na kuwatumia ninyi kama yangu. Emmanuel akaandika kwamba mzee ana miguu ya kijana. Wewe ukanipigia vigelegele. Mado, sikuweza kukurudishia vigelegele vile. Siku iliyofuata nikampa tena saa.

Tangu hapo nikaanza kuishi kama mwizi ndani ya nyumba yangu. Kama miguu yangu iko njiani, mwili wangu usionekane. Kiti changu cha kuotea jua nikakiingiza ndani. Simu ikilia asubuhi naitazama tu, maana Emmanuel angesikia kimya cha chumba badala ya pikipiki za barabarani. Kikohozi nakizika kwenye mto. Siku moja katekista alikuja kunitembelea, nikamsikia jirani akimwambia: "Papa Mwalimu ametoka. Ule muzee hatuliake nyumbani!" Nilikuwa nimelala nyuma ya ukuta ule ule, karibu niwaguse. Nilitamani sana kuongea na mtu. Nikasikia viatu vyake vikiondoka.

Na nikuambie aibu kubwa zaidi: nilifurahia. Mama Beatrisi akirudi nilimuuliza, "Leo nilikutana na nani?" Naye alijibu, "Leo uligombana na mama wa mikate. Alitaka kukupitia mbele, ukamuonyesha." Tulicheka sisi wawili, nami nikaenda kulala kama mtu aliyetoka kweli.

Halafu ndagala zikakosekana hapa. Mama Beatrisi akasikia kwamba kule Zongwe zipo, akapanda mtumbwi wa mota na saa yangu mkononi, amesahau kabisa. Alilala huko. Aliporudi na simu ikavuta, mstari ulitoka ufukweni, ukaingia majini, ukafuata ziwa mpaka Zongwe, ukakatika huko moto wa saa ulipoisha. Simu ikalia hapo hapo.

"Papa! Ulikuwa ndani ya ziwa?"

Pale ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Nikasema, "Nilikwenda kumwona rafiki tuliyefundisha naye."

Emmanuel akapasuka kwa kicheko. "Papa, kama uliweza mutumbwi mpaka Zongwe, treni ya Kongolo njo nini?"

Jioni ile sauti yako ikaingia. Ulikuwa unalia na kucheka. Ulisema umekwisha kuwaambia wakwe, na kiangazi hiki watakuvua nguo nyeusi za ujane, kwa kuwa Yaya anakuja.

Mado, najua umengoja nini. Wakwe wako tayari siku nyingi. Ila kwetu mjane hajitoi mwenyewe. Mkubwa wa kwao anamshika mkono, anamtoa kwenye lupango, nyumba ya marehemu mume wake, wanatembea pamoja kwa miguu, watu wote wakiona, mpaka nyumbani kwa baba yake. Kabla ya hapo huimbi kwaya, hulimi shamba la mama, hukai kwenye mkeka wa wenzako. Faustin, kitinda mimba wetu, aliniambia kwamba amejitolea mara nyingi kukushika mkono, nawe unamjibu: "Yaya yangu anatembea. Angalieni simu."

Kwa hiyo niko katikati. Nikisema, Emmanuel ananiondoa hapa. Nikinyamaza, wewe unabaki ndani ya nyeusi. Nilichagua kunyamaza. Aliyekataa ni Mama Beatrisi. Nilipomweleza kwa nini umefurahi hivyo, alivua saa akaiweka mezani.

"Papa Mwalimu, apana. Mimi pia nilivaa nyeusi. Unajua joto yake? Ule mwanamuke anangoja miguu yangu, na miguu yangu haiendi Kongolo."

Nilimwambia nitakwenda nikipata nguvu. Aliniinua, akanikalisha, akaniletea karatasi.

Emmanuel atajua baada yako. Najua atafanya nini, na afanye. Daktari naye amekwisha kusema nami bila kuzunguka, na kiangazi hiki sidhani kama nitakimaliza. Usilie kabla ya wakati.

Nisalimie binti yako, msomaji wa simu. Mwambie macho yake hayakukosea, ni mimi niliyeyadanganya. Msalimie mke wa Faustin, aliyekwisha kunitandikia kitanda. Ampe mgeni mwingine. Msalimie shangazi yetu, kama bado anasikia.

Faustin namsalimu mwisho, kwa sababu nina kazi naye. Baba alitufundisha kwamba nafasi ya mkubwa hainyang'anywi: mwenyewe anaiachia, na anasema mbele ya wakwe kwa nini. Basi Faustin asimame lupangoni kwa shemeji marehemu, nawe uwepo, ayasome kwa sauti maneno yaliyo chini ya jina langu. Nimechana karatasi kadhaa nilipofika hapa. Nyingine ilisema goti linauma, nyingine ilisema treni haina uhakika. Wakwe wangezipokea, na wewe ungeendelea kuningoja.

Bwana akulinde, mdogo wangu. Ni mimi,

Yaya wako Anselmi

Wakwe zetu, Faustin amshike mkono dada yetu Mado, amtoe. Mimi, mkubwa wao, siwezi tena kutembea.