Yule Kirukanjia Uliyeniachia Nimtafute

Baba Neema wangu,

Habari za huko sikuulizi, maana hata ukinijibu sitasikia. Za hapa Pasiansi ni nzuri. Pimbi bado wanaota jua kwenye mawe nyuma ya nyumba kana kwamba kiwanja ni chao, na jirani yetu, Mzee Masanja, bado anaamini ulistaafu ualimu ili upate nafasi ya uchawi.

Unakumbuka alipokukuta unatoka na kamera kule kwenye mawe ya ufukweni? "Mwalimu," akakuuliza, "huyo bundi unayemfuata kila Jumamosi, unataka kumtuma wapi?" Ukamjibu bila kucheka, "Nampiga picha ya pasipoti. Anasema ana safari." Mzee wa watu akavuka barabara. Mimi nilicheka mpaka nikaketi chini pale pale vumbini.

Lakini bundi alikuwa wa kupitishia muda tu. Moyo wako ulikuwa kwa kirukanjia, yule ndege wa usiku anayelala chini mchana kutwa, kwenye jiwe au majani makavu, na manyoya yake yana rangi zilezile za jiwe na majani. Wengi tunamjua kwa sauti yake giza likiingia, basi. Wewe ulitaka kumwona amelala. Nilikushangaa kweli: mtu mzima unaacha uji mezani kwenda kumtafuta ndege ambaye kazi yake yote ni kutoonekana.

Na ulimpata. Hapo ndipo nilipokuvulia kofia, ingawa sikuwahi kukwambia sawasawa. Uligundua kwamba kirukanjia hawakimbii wanawake wanaookota kuni, maana amewazoea. Basi ukanifanya kichaka chako. Mimi mbele nimeinama, naokota vijiti kwelikweli, wewe nyuma yangu na kamera, tunakwenda kiupandeupande kama watu waliopotea. Kuni zenyewe zilitosha kuivisha maharage, kwa hiyo sikulalamika sana.

Ndege akihisi mtu, hufumba macho mpaka unabaki mstari mwembamba, asitofautiane na jiwe. Sheria yako ilikuwa moja tu: "Jicho likifunguka, tumemkosea. Turudi." Ni mara nyingi mno tulirudi bila picha kwa sababu ya hilo jicho! Nikikuambia piga hata moja tu, unatikisa kichwa. Ndege wale uliwaheshimu kuliko wanaume wengine wanavyoheshimu wakwe zao.

Nyumbani sasa, mchezo. Unaniwekea picha mbele, unakunja mikono, hunionyeshi kwa kidole hata nikikubembeleza. "Tafuta jicho kwanza, Mama Neema." Nikishindwa, chai nachemsha mimi. Nikimpata ndege, unachemsha wewe. Chai yako nimeinywa mara chache sana, na nina uhakika mojawapo ulinihurumia.

Nikwambie sasa kilichonifanya nikuandikie. Unajua sukari ilivyokuwa imeanza kukula macho. Mchana ule wa mwisho nilikuwa msibani, ukaenda mawe ya ufukweni peke yako, bila kichaka. Ulirudi na picha moja. Ukanipa kamera na kusema, "Huyu utamtafuta sana." Kabla sijamtafuta tukakupeleka hospitali, na hukurudi.

Nimeitafuta hiyo picha, Baba Neema. Nimevaa miwani, nimevua miwani. Naona jiwe lenye madoa, majani makavu, nyasi chache, na ufa mmoja katikati ya jiwe. Ndege hakuna. Neema naye akaitazama, akasema, "Mama, hapa hakuna kitu. Baba alikuwa haoni tena, ila hakutaka tujue." Nikamwambia aende jikoni akasonge ugali. Lakini neno lake halikunitoka. Ndege si hoja. Kilichoniuma ni kufikiri kwamba ulisimama pale peke yako juani, ukanyatia jiwe tupu kwa heshima zako zote, na mimi sikuwepo.

Nikaipeleka picha studio Mirongo, wakaisafisha kwa ukubwa wa kalenda. Nikaitundika sebuleni. Nilijiambia kwamba hata kama ni jiwe, ni jiwe ulilolipenda.

Juzi nimekaa mkekani upande wa pili wa sebule, nachambua mchele kwenye ungo. Unajua macho yanavyokuwa ukichambua mchele: yanazoea kuona kisicho mchele. Nikainua kichwa kupumzisha shingo, na kirukanjia akawa amenijia mzima, picha yote.

Baba Neema, ule ufa si ufa. Ni jicho! Limefumba, mstari mwembamba kabisa. Nilichokiita nyasi ni zile sharubu zake mdomoni. Yale majani makavu ni bawa. Miezi yote nimemtafuta ndege mdogo mahali fulani juu ya jiwe, kumbe jiwe lenyewe ndilo ndege. Hatukuwahi kumfikia karibu hivyo, hata tukiwa wawili. Ulimkaribia mpaka akajaa kwenye picha, na hakufungua jicho.

Mchele ulimwagika, sitakuficha. Nikampigia Neema simu, akaja kutoka Nyamagana na nguo za kazini. Sikumwonyesha kwa kidole. Nilimkalisha mkekani, nikakunja mikono kama wewe, nikasema, "Tafuta jicho kwanza." Akatazama, akatazama, halafu akashika mdomo.

"Yupo," akasema. "Mama, yupo, amelala."

Tulilia wote wawili, kisha tukacheka, kisha Neema akaiomba radhi picha kwa sauti, kana kwamba umo ndani yake. Ulikuwa unaona, mume wangu. Ulikuwa unaona vizuri kutuzidi sisi wenye macho mazima, na nimejivuna tangu siku hiyo hata Mzee Masanja ameniuliza nina nini.

Kwa hiyo andika mahali: nimempata mwenyewe, hakuna aliyenionyesha. Chai hii ni juu yako. Sina haraka ya kuja kuinywa, wajukuu bado wadogo, lakini usijisahaulishe.

Mama Neema,
kichaka chako