Nyimbo Mbili, Jina Moja

Mjukuu wangu Deo,

Huku Makere hatujambo, maharage yamekubali, na shangazi yako anayeniandikia barua hii anakusalimu huku ananicheka. Umeuliza kwa nini nilikukatia simu. Ulinichosha!

Siku ile ulipokuja kunirekodi, uliandika amri kwenye kioo cheusi cha kompyuta yako, nikaimba wimbo wa kubembelezea watoto. Ukaandika amri nyingine, nikajisikia naimba. Nikafurahi. Ukasema, "Bibi, rudia, kuku wamepiga kelele." Nikarudia huku nakohoa. Halafu juzi unaniambia kwenye simu kwamba nyimbo zote mbili ulizipa jina moja, wa pili ukaufuta wa kwanza. Kimebaki kikohozi!

Nakugombeza, lakini hata mimi nilifanya hivyo. Tulipooana, babu yako alinunua redio ya kaseti, tukamrekodi mama yangu akiimba wimbo huohuo. Baadaye nikajirekodi kwenye kaseti hiyohiyo, juu ya wimbo wake, nikipiga soga na majirani. Mama alipofariki tukaiwasha kaseti ile. Tukasikia kicheko changu tu. Babu yako hakunigombeza. Aliizima redio, akaniambia, "Basi imba wewe, si ulimsikia?" Nikaimba mpaka baba yako akalala.

Nimezaa saba, wawili wakiwa mapacha, na kila mmoja nikampa jina lake. Wewe na shule yako yote, nyimbo mbili tu zimekushinda?

Njoo likizo. Kuku nitawafungia, nitaimba. Ila kabla sijafungua mdomo, unisomee kwanza jina ulilouandikia wimbo huo.

Bibi yako