Kipande cha Tezi Kilichotiwa Dawa ya Maiti

Shoga, hebu sikia. Mkwe wangu kampiga mtu wa maabara. Kampiga mpaka damu, mbele ya mjukuu wangu!

Jana si walimkata mtoto kipande cha tezi shingoni, wapime kama ni TB? Leo wakatuita. Yule mtu akasema kwa upole, "Kaka, kipande kimelowekwa formalini. Vijidudu vyote vimekufa, hatuwezi kuviotesha. Itabidi akatwe tena."

Akatwe tena! Mkwe akamkaba koo, akambamiza kichwa mlangoni mara mbili. "Mtaniulia mwanangu, mbwa nyie!" Akaipiga teke meza, darubini ikaanguka, vioo vikatapakaa. Mola anisamehe, nilimng'ata mkono mkwe wangu, mimi mama mkwe mtu, na bado hakumwachia.

Ndipo mtoto akapiga kelele: "Baba, si wewe uliyamwaga yale maji? Ulisema nyama itaoza!"

Shoga! Jana daktari alimpa mkwe kipande akipeleke maabara, kikiwa kwenye chupa ya maji safi ya chumvi. Naye si anafanya kazi mochwari? Akapitia kazini, akakitia formalini, dawa yao ya kuhifadhia maiti. Kwa mapenzi tu!

Mkwe akamwachia yule mtu. Akakaa juu ya vile vioo kama gunia.

Mtu wa maabara akatema jino kwenye sinki, akanawa damu, akamshika mtoto mkono. "Twende kwa daktari, mama." Mlangoni akamgeukia mkwe: "Leo chupa naibeba mwenyewe."