Petroli Niliyokuficha, Baba

Shikamoo, Baba.

Mama anasema marehemu haamkiwi, anaombewa. Nimekuombea alfajiri kabla sijatoka nyumbani. Ila nimekuamkia kila siku tangu nijue kusema, na kalamu imekataa kuanza na neno jingine. Itikia huko huko uliko, mimi nitaendelea.

Naandika nikiwa ndani ya pikapu yako, Gerezani, mlangoni kwa fundi Chilumba. Boneti iko juu, sioni mbele. Fundi ameniuliza swali dogo, la kuchagua moja kati ya mawili. Nimemwambia akanywe chai kwanza. Daftari nimelikuta kwenye droo ya dashibodi, pamoja na karatasi zako za bima na ile tasbihi yako ya plastiki. Nina jambo la kukiri kwako, na nimegundua asubuhi hii kwamba ulikuwa unalijua. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko jambo lenyewe.

Ngoja nianze na habari za nyumbani, usije ukasema nimekurupuka. Arobaini imepita. Ndugu wa Lindi walilala kwetu siku nne na walikula vizuri. Mama bado yuko eda. Anapepeta mchele kutwa, hata ule usio na haja ya kupepetwa. Kiti chako cha barazani hakuna anayekikalia isipokuwa yule paka wa jirani uliyekuwa ukimtupia kandambili. Namwacha akae.

Kijiweni Kariakoo wenzako wameniachia nafasi yako ya kuegesha, ile mbele ya duka la mapazia. Nilidhani watanifukuza, mwanamke katikati ya pikapu za mizigo. Hawakunifukuza. Wamenipa hata jina lako. Wewe walikuita Mzee Super kwa ajili ya petroli yako. Mimi naitwa Super tu, bila mzee. Wakiniita naitika, halafu najisikia kama mwizi aliyevaa shati la mwenye nyumba.

Sasa nikiri. Petroli yako ilikuwa moja, ile ya daraja la juu, ambayo uliendelea kuiita super ingawa vijana wa sheli walikuwa hawaijui kwa jina hilo. Ulipita sheli tatu zilizo njiani ukaenda mpaka ile ya upande wa Upanga, kwa kuwa ndiyo uliyokuwa na hakika wanayo kila siku. Nikiwa mdogo nilikaa kati yako na Mama tukienda huko, na nilidhani gari zote hufanya hivyo. Nilipokua nikaanza kukutania. Nilikuambia pikapu kuukuu ya kubebea magodoro inanyweshwa kama gari la balozi. Ulicheka ukasema, "Hii inakula ile. Usinibishie." Hukueleza zaidi, nami sikuuliza. Nilidhani ni maringo yako, sawa na ile kofia uliyoipiga pasi kila asubuhi.

Halafu kiharusi kikachukua mguu wako na mkono wa kushoto. Mimi ndiye pekee nyumbani mwenye leseni, nikaacha saluni nikashika usukani. Siku ile ya kwanza ulinipa maagizo mpaka nikachoka: breki, maji ya rejeta, wapagazi wasipakie kupita kingo. La mwisho likawa petroli. "Super, mama," ukaniambia, ukiniita mama kama ulivyoniita tangu nikiwa mtoto. "Mengine ukikosea tutarekebisha."

Wiki mbili nilikutii. Ya tatu nikachoka. Ningependa kukuambia nilifanya vile kwa ajili ya dawa zako, kwa kuwa ile ya kawaida ni nafuu. Nafuu ni kweli. Lakini sababu haikuwa hiyo, Baba. Foleni ya Upanga ilikuwa ndefu, jua lilikuwa kali, na nilichoka kuendeshwa na mtu aliyelala kitandani. Nimeliandika kama lilivyo. Nikaingia sheli ya Magomeni nikamwambia kijana ajaze ya kawaida. Nilipofika nyumbani ukaniuliza, kama ulivyouliza kila siku, "Umeweka ipi?" Nikasema, "Ile ile yako." Wala neno halikunikwama, lilitoka laini kabisa.

Siku ya pili yake injini ikaanza kugonga. Nikiwa na mzigo, napanda kutoka Jangwani kuja Magomeni, nilisikia sauti ya misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Nikilegeza mguu inanyamaza, nikikanyaga inaanza upya. Nikaongeza sauti ya redio. Ndiyo matengenezo pekee niliyoyafanya. Sikukumbuka kwamba kitanda chako kiko chini ya dirisha la uchochoroni, na kwamba ule mwinuko wa mwisho wa kuingia kwetu naupanda na mzigo karibu kila jioni.

Kama mwezi ukapita hivyo. Kisha ikaja ile Ijumaa ya korosho. Unaikumbuka. Ulisema unataka korosho za kuchoma, za yule mama wa Mtwara wa pale Kariakoo, si za mwingine, na gari niliache nyumbani kwa sababu Ijumaa hakuna pa kuegesha. Nilinung'unika njia nzima. Mtu hamalizi hata uji, anataka korosho. Niliporudi nilikukuta umelowa jasho, umechoka kama uliyetoka shamba. Ukala korosho mbili. Nyingine akamaliza Mama.

Jumamosi injini haikugonga. Nilipanda Jangwani na marobota ya vitambaa nyuma, nikazima redio ili nisikilize, kimya. Gari lilivuta kivivu kidogo, lakini misumari haikuwepo. Nilifurahi kama mwanafunzi aliyefaulu kwa kuangalizia. Ulipouliza siku ile nikajigamba kabisa. "Ile ile, Baba. Na siku hizi gari imenizoea, hailalamiki." Ukasema, "Labda imezoea." Ukageukia ukutani, nikadhani ni usingizi.

Hili linalofuata naliandika haraka nisije nikaliacha. Siku mbili kabla hujaondoka nilikuwa nakulisha uji. Sauti yako ilikuwa imebaki ndogo sana, ikabidi niinamishe sikio. "Mama, umeweka ipi?" Na mimi, Baba, mimi nikapandisha sauti, Mama akiwa palepale mlangoni. "Ile ile. Kila siku swali moja." Ukasema, "Haya." Ukafungua mdomo nikakuwekea kijiko kingine. Hukuniuliza tena.

Baada ya arobaini nikaanza kwenda Upanga. Nilikaa foleni, nilivumilia jua, nikajaza super mpaka juu, nikawa nasema peke yangu garini, "Ile ile yako, Baba," angalau safari hii liwe kweli. Nilitegemea gari litachangamka. Halikuchangamka hata kidogo. Wiki tatu linapanda kilima kama linalosukumwa na watu. Nikasema basi, nimeliharibu, na pengine linajua. Ndiyo maana leo nimelileta kwa fundi, ambaye sikuwa nimemwona tangu mazishi.

Nilimweleza fundi Chilumba kwamba najaza super lakini gari halina nguvu. Akachungulia ndani, akanigeukia. "Kwani siku hizi unaweka super? Mbona mzee alisema niirekebishe iendane na ya kawaida, kwa ajili yako?"

Nilidhani amenichanganya na mtu mwingine. Akaanza kunieleza polepole, huku anafuta mikono. Zamani injini ilichemka, silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ikapinda, akaipeleka ikakwanguliwa ili inyooke. Tangu hapo injini ikawa inabana hewa na petroli kupita kiasi, na petroli ya kawaida ikawa inalipuka ndani kabla ya wakati wake. Ndiyo ile misumari. Njia zilikuwa mbili. Moja ni kuweka super. Nyingine ni kuirudisha nyuma kidogo distributa, kile kifaa kinachogawa moto kwenye plagi, ili moto uchelewe. Gari linapoteza nguvu lakini haliumii. Wewe ulichagua super kwa sababu ulitaka nguvu ya kupanda na mzigo. Miaka yote ile nakucheka, kumbe ulikuwa na sababu, na ningeijua kwa kuuliza mara moja tu.

Ile Ijumaa ulimfanya Mama ampigie simu. Alipofika nyumbani alikukuta umeshavaa, kofia kichwani. Ulimwambia, "Binti anaweka ya kawaida. Naisikia injini kila akipandisha. Irudishe nyuma, isije ikamzimikia njiani." Akakuuliza kwa nini usiniambie tu niweke super. Ukamjibu kwamba Upanga ni mbali, nami nina mengi. Basi wakakubeba, yeye na Mama na jirani, wakakukalisha kiti cha abiria, mzigo wangu wa Jumamosi ukiwa nyuma. Mlishuka Jangwani mkapanda mara tatu. Kila mara fundi alizungusha distributa kidogo, nawe ukasikiliza umefumba macho. Mara ya tatu ukainua kidole cha mkono ule mzima, naye akakaza hapo hapo. Hukuingia tena ndani ya gari lako baada ya siku ile, na mimi nilikuwa Kariakoo nabishania bei ya korosho.

Nimempigia Mama hapa hapa. Nimemwuliza kwa nini hakuniambia. Nilisikia ungo umesimama. Akasema, "Alinikataza. Alisema utaona haya."

Kwa hiyo kila uliponiuliza ulikuwa unajua jibu. Nimekaa na hili nikijiuliza ulikuwa unataka nini. Hukuwa mtu wa kutega watu. Nadhani ulikuwa unanipa nafasi niseme mwenyewe, na kesho yake unanipa tena, na kesho yake. Ile ya mwisho ulinipa huku nakulisha, nami nikakukaripia.

Nina hasira na wewe pia, acha niseme. Ungenigombeza. Ungenifokea hata mbele ya majirani, ningelia siku moja yakaisha. Badala yake umelirekebisha gari likaendana na uongo wangu, ukanyamaza, ukaondoka nao. Sasa nikuombe radhi wapi? Naomba, Baba, nisamehe, naandika na karatasi inalowa, lakini sisikii ile "haya" yako.

Fundi amerudi. Amesimama upande wa dirisha, anajifanya hanioni ninavyofuta macho. Swali lake ni lile lile. "Niirudishe kama zamani, au niiache?"

Akiirudisha kama zamani nitajaza super, gari litapanda kama ulivyolipenda, na jina la kijiweni nitalistahili. Ndicho nilichokijia. Lakini nimeshuka nikaangalia. Palipo na distributa kuna mstari mdogo wa rangi nyeupe ambao fundi aliuchora ulipoinua kidole. Anasema ni kuzungusha kidogo tu, upana wa ukucha, na gari litakuwa la zamani. Upana wa ukucha, Baba. Ndicho kitu cha mwisho ulichonifanyia, na ulikifanya kwa jasho, mgonjwa hivyo, kwa mtu aliyekuwa anakudanganya.

Nimemwambia aiache. Amefunga boneti.

Gari litabaki kivivu, nami mzigo nitaupunguza na kilima nitakipanda taratibu. Kesho nitawaambia wenzako kijiweni kwamba jina lile ni lako, waniite Zuhura, na wakiniuliza sababu nitawaeleza. Sijui watanionaje. Mama nitamwomba radhi leo, kwa kuwa yeye alinisikia nikikufokea na akabeba hilo kimya na ungo wake.

Wewe nakuahidi moja tu. Kila nitakaporudi, kabla sijazima injini chini ya dirisha lako, nitakuambia nilichoweka. Nitakuambia kwa sauti. Majirani wakisema nimechanganyikiwa, waseme. Mungu akulainishie ardhi, Baba, akupe huko upole ule ule ulionipa mimi. Kofia yako nimeipiga pasi, iko juu ya kabati.

Naongeza haya nikiwa sheli ya Magomeni. Kijana ameniuliza ipi, nimemwambia, amemaliza, anafunga kifuniko. Sijawasha gari bado. Nilitaka kwanza nikujibu.

Nimeweka ya kawaida, Baba.

Mwanao,
Zuhura