Misumari ya Mwape

Mwape, Chui mzee usiye na meno,

Pumzika, lakini nisikilize. Nimekukosea. Ndiyo, mimi Kunda nasema hivyo, na ni mara yako ya kwanza kulisikia neno hilo kutoka kinywani mwangu.

Siku ya kilio chako, sisi wa ukoo wa Mbuzi tulifanya kazi yetu ya utani kwenu watu wa ukoo wa Chui. Nilivaa kofia yako, nikatembea kwa mwendo wako wa kujidai, halafu nikakusimamia kichwani na kupiga kelele: "Weye Mwape, amuka! Ardwazi za kanisa zinaanguka, fundi wa bure weye!" Watu walicheka huku wanalia. Mkeo naye alicheka. Nilitaka acheke, maana mimi mwenyewe nilikuwa karibu kuanguka chini.

Kumbe padri mpya alikuwa amesimama mlangoni. Ametoka mbali, utani wetu haujui. Mvua zilipoanza, ardwazi, vile vibamba vya jiwe ulivyovipandisha kwa mgongo wako, vikaanza kuteleza kweli! Kimoja kilipasukia mbele ya wanakwaya. Padri akatangaza kwamba vyote vitang'olewa, tuezeke mabati, kwa kuwa marehemu hakujua kazi, hata rafiki yake alisema. Mdomo uliponza kichwa, ila safari hii kichwa kilikuwa chako.

Mkeo alikuja kwangu, akakataa kiti. "Kunda, uone vile ulifanya. Mon père anasema bwana yangu hakujuaka kazi." Niliona aibu, Mwape.

Nilimweleza padri kwamba ulikuwa utani. Akasema paa halina utani. Basi kesho yake nikachukua ngazi nikapanda.

Upande wa mashariki, ule wako, kila kibamba kina misumari miwili ya shaba na hakuna hata kimoja kilichosogea. Upande wa pili ni ule ambao patroni wako, yule Mbelgiji aliyekuajiri, aliwapa vibarua waumalize mbiombio, wewe umelazwa hospitalini na malaria, yeye anafunga masanduku arudi kwao. Huko nilikuta msumari mmoja mmoja, tena wa chuma, umeliwa na kutu. Hapa Likasi, shaba inatoka chini ya miguu yetu, mtu anapigilia chuma! Ulikuwa unatuchosha na maneno yako: "Chuma inaogopaka maji." Leo nakiri ulikuwa na haki ya kutuchosha.

Nikampelekea padri kutu ile ndani ya kofia yako. Aliitazama, kisha akapanda mwenyewe na kanzu yake. Mimi nilishika ngazi nikisali asiteleze, nisije nikaandika barua mbili. Aliposhuka alinipa mkono, akasema habari ya mabati imekwisha.

Tangu Katanga ijitenge, misumari ya shaba haipatikani dukani. Mimi na mdogo wako tulikata waya mzito wa shaba, tukaufua uwe misumari, mmoja mmoja. Tumepanga upya upande wote ule. Mvua kubwa ya juzi ilipiga mpaka jioni, na ndani ya kanisa halikudondoka tone.

Jumapili padri aliniomba niseme mbele ya watu. Unajua sheria yetu: Mbuzi hamsifu Chui hadharani. Nilisimama hata hivyo. Nikasema: "Mwape alijua kazi. Alitupita sisi wote." Wazee wa ukoo wako walinitazama kama mtu aliyevua suruali kanisani. Lakini mkeo, aliyekuwa amekaa nyuma wiki zote zile, alinyanyuka akaja kukaa benchi la mbele.

Nimekukumbuka, rafiki yangu. Hata kelele zako.

Kila mwaka kabla ya mvua nitapanda kukagua pande zote mbili, mpaka miguu ikatae. Hiyo ni ahadi. Lala salama, Mwape. Na kuhusu zile sifa: usizoee.

Kunda