Jioni Bwana Tom Aliposema Tena

Manchester,
Ijumaa

Dada Atieno mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Ninyi hapo Ahero mko aje? Maji ya mafuriko yameshatoka shambani? Na Baba, tangu kile kiharusi, bado hajatoa neno?

Jana niliona jambo, dada, mpaka sasa mwili unanisisimka. Walter, mwenzangu kiwandani, ana kikundi chao cha kupenda tu, hakuna anayelipwa. Kila Alhamisi jioni wanakutana katika chuo cha ufundi kujifunza lugha ya kompyuta. Naam, lugha! Ile mashine haijui Kiingereza wala Dholuo. Ina maneno yake machache, na kila neno ni amri. Ukikosea nukta moja tu, inagoma. Jana Walter alinipeleka, nikawakuta wanabishania neno moja kama wazee wanaogawa shamba, nikajizuia kucheka.

Ndipo akaingia mama mmoja, Margaret, akimsukuma mumewe kwenye kiti cha magurudumu. Huyo Bwana Tom alikuwa mwenzao. Kiharusi kilimnyang'anya sauti, kikamwachia kidole kimoja. Basi wamemtungia maagizo ndani ya mashine: herufi zinapita moja moja kwenye kioo kama cha televisheni, na akiona anayoitaka, anabonyeza kitufe.

Tukasogelea kioo. Herufi zikapita, zikapita. Kidole kikabonyeza, kikangoja, kikabonyeza tena. Mmoja akaanza kumkisia neno.

"Mwache," Walter akasema. "Amalize mwenyewe."

Mwishowe tukasoma, kwa Kiingereza chao: MARGARET, KETI. UMESIMAMA SANA.

Yule mama alikaa pale pale sakafuni, akalia. Nami nikalia, mwanamume mzima. Atieno, kumbe mtu alikuwa mle ndani wakati wote, akimwona mkewe akichoka!

Sisi hatuna kompyuta. Lakini Baba alikuwa anasoma Biblia yake ya Dholuo kila siku. Chukua kadibodi, uandike herufi kubwa kubwa, upitishe kidole polepole. Ukifika kwenye ile anayoitaka, afumbe macho. Usimharakishe, wala usimmalizie neno. Hata akianza kwa kunigombeza, niandikie vile vile alivyosema.

Nisalimie Mama, shemeji anayeuza samaki Nyalenda, na shangazi wa Pap Onditi. Lakini barua hii msomee Baba kwanza, na unaposoma, mwangalie macho.

Ndimi mdogo wako anayewawaza,
Owuor