Firigisi ya Mama Kapya

Mitwaba, 12 Februari 2006

Mdogo wangu Godefroid,
Mwili unasemaje? Sisi wazima, isipokuwa mguu wa mama. Askari walikuja mara tatu kukutafuta, wewe Komanda Shoka wao. Basi tumetangaza kwamba ulikufa porini, tukakufanyia kilio. Mama alinyoa nywele, akalala chini siku tatu. Wameamini. Wewe baki hukohuko Lubumbashi, mtaa wa Kenya, baki fundi viatu, baki Clovis. Usituchukie.
Yaya yako, mkubwa wako, Mumba

Lubumbashi, 5 Machi

Yaya Mumba,
Salamu nyingi, na pole ya mguu kwa mama. Mimi mzima, wa mwili tu.
Habari ya kilio ilifika hapa kabla ya barua yako. Ninapanga kwa Mama Kapya, mkimbizi wa kijiji kile tulichochoma mimi na wapiganaji wangu. Mume wake alibaki ndani ya nyumba. Uso wangu hakuuona. Anajua jina la Shoka tu. Juzi alichinja kuku wake wa pekee, akaita parsele nzima, wapangaji wote wa uani: “Mukuye mukule! Shoka alishakufa!” Firigisi akaniwekea mimi. “Bwana yangu haiko tena. Kula weye, Clovis.”
Nilikula, yaya. Nikasema asante. Nataka kumwambia ukweli.
Mdogo wako

Mitwaba, 2 Aprili

Mdogo wangu,
Tunakusalimu sana. Nyamaza, nakuomba! Wakijua u hai, mama atafungwa kwa kudanganya askari. Hama nyumba hiyo. Nilimsomea mama barua yako, akauliza neno moja tu: “Alikula?”
Yaya yako

Lubumbashi, 18 Juni

Yaya Mumba,
Natumaini mguu wa mama umepata nafuu. Miezi miwili nilijaribu kuhama, nikashindwa. Leo asubuhi nimemwambia. Mama Kapya alikuwa anachambua maharagwe. Akauliza, “Alilia?” Nikajibu kwamba mumewe alimwita yeye, kwa jina lake, mpaka mwisho.
Alisukuma maharagwe kando. Halafu akaleta sahani tupu, akaiweka mbele yangu. “Rudisha firigisi ya bwana yangu.”
Nitarudisha nini, yaya? Najuta, na majuto yangu hayamjazii sahani.
Amekwenda kuita askari. Mlango ameuacha wazi, nami nimekaa hapa, sahani iko magotini. Nitawaambia kwamba hata ninyi nyumbani mliamini nimekufa, kwamba niliwadanganya wote. Na wewe useme hivyohivyo.
Mwambie mama aache nywele ziote.
Mdogo wako, Godefroid